Nani aliifundisha mashine kuona? Historia ambayo na sisi wa kambini tumo ndani yake



Makala ya leo imetokana na vidole vya bibi mmoja. Sisi tunaojitolea kambini tulikuwa tunasaidia siku ya kuandikisha watu upya. Kazi yetu si kubwa: kupanga foleni, kutafsiri Kireno kwa Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na kushika mwavuli juu ya kijimashine cha alama za vidole, maana jua likipiga kioo chake hakisomi kitu. Bibi alipofika akaweka kidole. Taa nyekundu. Akafuta kidole kwa kanga, akaweka tena. Nyekundu. Tukampaka mafuta kidogo, tukajaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja. Nyekundu tu. Bibi huyu amekwangua chaza mwambani tangu utotoni, amelima mihogo, ametwanga, amesuka makuti. Mistari ya vidole vyake imekwisha kama sabuni iliyotumika. Mwenye mashine akasema kwa upole, "Mfumo haumwoni." Sisi tukatafsiri. Bibi akauliza, "Haunioni vipi, na mimi nimesimama hapa?"

Hatukuwa na jibu. Usiku tulikaa tukalizungumza, na katika siku zilizofuata, kila tulipopata bando, tukasoma. Tulitaka kujua hizi mashine zinazoona zimetoka wapi, nani anazitengeneza, anazitengeneza kwa kazi gani, na nani alizifundisha. Tuliyoyapata yalitushangaza, kwa sababu ndani ya historia hiyo kuna watu kama sisi, tena tangu mapema. Ndiyo tunayoyaleta hapa.

KABLA YA KOMPYUTA

Tuanzie nyuma kidogo, maana kuonwa kutoka mbali si jambo jipya kwetu. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana huko Ulaya kwamba Mto Rovuma ndio uwe mpaka wao. Hata hivyo mwaka 1894 Wajerumani wakaishika Kionga, ambayo iko kusini ya mto. Mwaka 1916, katikati ya vita vikuu vya kwanza, Wareno wakaichukua, wakatoa na stempu zenye jina KIONGA. Mwaka 1919 mkataba wa Versailles ukaithibitisha kuwa ya Ureno. Yaani wazee wetu walihamishwa nchi mara mbili bila kutoka nje ya nyumba zao. Waliochora mistari ile waliiona Kionga kwenye karatasi.

Na kushika alama za vidole vya watu ili kuwatawala nako ni kwa zamani. Kenya, Waingereza walitunga sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, wakaanza kuitekeleza baada ya vita, 1919 na 1920. Mwanaume Mwafrika alipewa kipande chenye jina lake, mwajiri wake na alama za vidole vyake, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Asiyekuwa nacho alikamatwa. Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu Nairobi, alipinga kipande na kodi, naye akakamatwa Machi 1922. Watu walipokusanyika kudai aachiwe, walipigwa risasi, wengi wakafa. Huku kwetu Wareno walikuwa na kitabu chao, caderneta, na utaratibu wa kumgawa mtu kuwa "mwenyeji" au raia ulidumu mpaka 1961.

Kwa hiyo bibi anapokiogopa kile kijimashine, tusimcheke. Neno kipande bado liko kwenye lugha yetu.

MASHINE ZINAANZA KUONA

Sasa kompyuta. Kwanza tuelewe jambo moja: kompyuta haina jicho. Picha kwake ni namba tu. Chukua picha ya mtumbwi, igawe vipande vidogo sana kama nyavu yenye matundu maelfu, kila tundu litiwe namba inayosema hapa pana mwanga kiasi gani na rangi gani. Hicho ndicho inachopata. Kutoka kwenye namba hizo mpaka ijue "huu ni mtumbwi", ndipo penye kazi.

Mwaka 1966, katika chuo cha MIT Marekani, mwalimu Seymour Papert aliandika mpango wa kuwapa wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo ya kiangazi. Walidhani miezi michache itatosha kupata sehemu kubwa ya uwezo wa kuona. Ikachukua zaidi ya miaka arobaini.

Katikati ya hapo kampuni hazikusubiri. Zilichukua kazi ndogo ndogo ambazo mashine iliziweza. Mwaka 1981 Robert Shillman, aliyekuwa MIT, alianzisha kampuni ya Cognex. Kifaa chake cha kwanza kilisoma herufi na namba zilizochapwa kwenye vipuri vya viwandani. Kazi ya kiwandani ni rahisi kwa mashine, kwa sababu taa ni ileile, pembe ni ileile, na kitu kinachopita ni kilekile. Katika miaka ya 1990, Yann LeCun na wenzake kwenye maabara za kampuni ya simu ya AT&T walitengeneza mfumo wa kusoma namba zilizoandikwa kwa mkono, na mabenki wakautumia kusoma hundi. Mwaka 1999 ilianzishwa Mobileye huko Jerusalem, kwa ajili ya magari: kamera mbele ya dereva inayotambua gari lingine, mtu anayevuka, mstari wa barabara. Mwaka 2017 kampuni ya Intel iliinunua kwa dola kama bilioni 15. Mwaka huohuo kampuni ya matrekta ya John Deere ilitoa dola milioni 305 kuinunua Blue River, iliyotengeneza mashine ya shambani inayotofautisha mche na gugu, ikapulizia dawa kwenye gugu peke yake. Na China zikakua kampuni kama Hikvision, ya kamera za ulinzi, pamoja na Megvii na SenseTime, za kutambua nyuso.

Nini kilitokea mpaka mambo yakaenda mbio namna hiyo? Picha, na watu wa kuzieleza hizo picha.

Profesa Fei-Fei Li, aliyehamia Marekani kutoka China akiwa msichana, aliona kwamba mtoto hajifunzi kuona kwa kupewa kanuni. Anajifunza kwa kuona vitu vingi sana huku mtu anamwambia, hiki mbuzi, hiki kuku. Yeye na wenzake wakakusanya picha kutoka kwenye mtandao, wakaziweka kwenye mkusanyiko ulioitwa ImageNet, uliotangazwa 2009 na mwishowe ukafika picha zaidi ya milioni 14. Nani aliandika kwamba hii ni mbuzi na ile ni kuku? Karibu watu 50,000 wa nchi 167, waliokaa kwenye kompyuta zao wakilipwa senti kidogo kwa kila kazi kupitia mtandao wa Amazon. Mwaka 2012 vijana wawili wa Toronto, Alex Krizhevsky na Ilya Sutskever, pamoja na mwalimu wao Geoffrey Hinton, walishindanisha programu yao kwenye picha hizo. Makosa yao yalikuwa kama asilimia 15, na waliowafuata walikuwa na asilimia 26. Hapo kila kampuni kubwa ikageuka, na kila moja ikawa na njaa ya picha zilizotiwa alama.

Majina ya hao watatu yameandikwa vitabuni. Majina ya wale elfu hamsini hakuna anayeyajua.

DADAAB, NAIROBI, GULU

Hapa ndipo tulipojikuta. Mwaka 2008 mwanamke mmoja wa Marekani, mtoto wa wahamiaji kutoka India, Leila Janah, alianzisha Samasource. Wazo lake lilikuwa kwamba maskini apewe kazi ya kompyuta badala ya msaada. Na mwaka 2009 moja ya sehemu alizojaribu ilikuwa Dadaab, kambi ya wakimbizi ya Kenya iliyofunguliwa 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia. Wakimbizi walifanya kazi ndogo ndogo kwenye kompyuta. Samasource ikashirikiana na kampuni ya CrowdFlower kutoa programu ya simu ya iPhone iliyoitwa Give Work: mtu aliyekaa Marekani akisubiri basi aliweza kufanya kazi ileile aliyoifanya mkimbizi wa Dadaab, na majibu yao yakalinganishwa ili kuhakiki.

Tusome tena hapo. Ni mwaka uleule wa ImageNet. Yaani wakati dunia inaanza kuifundisha mashine, mkimbizi wa Afrika Mashariki alikuwa tayari yuko darasani, tena upande wa mwalimu.

Kazi ya Samasource ilifanyika pia Nairobi na Gulu, kaskazini ya Uganda, mji uliojaa watu waliokimbia vita vya LRA kwa miaka mingi. Kazi yenyewe iko hivi. Kijana anafunguliwa picha ya barabara ya mji ambao hajawahi kufika. Kwa kipanya anachora mstari kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila mtu, kila taa, mpaka picha nzima imegawanywa, kisha anaandika kila kipande ni kitu gani. Akikosea kidogo msimamizi anairudisha. Akimaliza, inakuja nyingine. Kutokana na kazi hiyo gari la California linajua kumkwepa mtoto anayekimbilia mpira.

Malipo yalikuwaje? Mwaka 2018 BBC waliandika kuhusu vijana wa Kibera wanaofanya kazi hiyo Nairobi, wakasema walipata kama dola 9 kwa siku. Leila Janah alieleza kwamba kuwalipa zaidi sana kungeweza kuvuruga bei za nyumba na chakula pale wanapoishi. Kati yetu wapo waliosema maelezo hayo yana maana, kwa sababu kabla ya hapo vijana wale walikuwa wanaokota dola mbili. Wengine wakasema mbona bei ya gari haikuvuruga chochote. Tulibishana mpaka betri ikaisha, na hatukukubaliana. Janah alifariki Januari 2020 akiwa na miaka 37.

Yaliyofuata yanajulikana. Kampuni, iliyokuwa sasa inaitwa Sama, ilichukua pia kazi ya kuchuja picha na video mbaya kwa ajili ya Facebook. Hiyo ni kazi ya kuona watu wakikatwa na kuuawa, siku nzima, ili wengine wasione. Mei 2022 Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo Nairobi, aliwashtaki Sama na Meta mwenye Facebook. Januari 2023 Sama wakatangaza kuacha kuchuja na kubaki na kazi ya picha za kufundishia kompyuta kuona. Mei mosi ya 2023 wafanyakazi wa namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuanzisha chama chao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikasema Meta anaweza kushtakiwa pale pale Kenya.

Sisi wa Cabo Delgado hatuhitaji kuelezwa macho yanapata nini yakiona mambo ya namna ile. Kuna wenzetu hapa kambini hawajalala vizuri tangu Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, nao hawakulipwa na mtu kuyatazama.

Kuna moja zaidi kwenye habari hii, nalo lilitukosesha raha. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilianza mradi wa Maven, wa kuifundisha kompyuta kutambua vitu kwenye video za ndege zisizo na rubani. Google walishiriki, wafanyakazi wao wakapinga, na 2018 Google wakasema hawataendelea. Mwaka 2019 gazeti la mtandaoni la The Intercept likaandika kwamba picha za mradi huo zilitiwa alama na vibarua wa mtandaoni kupitia CrowdFlower, ambao hawakuambiwa ni kazi ya nani. CrowdFlower ni ileile ya programu ya 2009. Hatusemi kwamba wakimbizi wa Dadaab walifanya kazi ya vita, la. Tunasema kwamba anayechora mstari kuzunguka gari haambiwi gari hilo linatafutwa likwepwe au lipigwe. Sisi ambao vijijini mwetu helikopta zimepita juu ya makuti tunaliona jambo hilo kwa uzito wake.

JICHO LINATUGEUKIA

Upande mwingine wa historia ni pale mashine ilipoanza kututazama sisi. John Daugman wa Cambridge alitengeneza njia ya kumtambua mtu kwa michoro iliyoko kwenye mboni ya jicho lake, akapata hataza yake 1994. Mwaka 2002 UNHCR waliitumia Pakistan, karibu na Peshawar, kwa Waafghani waliokuwa wanarudi kwao. Waliotaka msaada wa kurudi walitazama kamera, ili mtu asichukue mara mbili.

Mwishoni mwa 2013 jaribio kubwa zaidi likafanyika jirani yetu, Dzaleka, Malawi, kambi ya Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, ambako Kiswahili kinasikika kila kona. UNHCR na kampuni ya Accenture walijaribu mfumo unaoshika vidole vyote kumi, mboni mbili na uso. Kutoka hapo mfumo ukapelekwa nchi nyingine nyingi. Na 2016, katika kambi ya Zaatari huko Jordan, Wasyria walianza kununua chakula dukani kwa kutazama kamera ya kampuni ya IrisGuard. Hakuna kadi, hakuna pesa mkononi. Unatazama, salio linakatwa.

Tuseme ukweli: jambo hili lina faida, na wengi wetu tunaijua. Nyumba ilipoungua, vitambulisho viliungua nayo. Mtu amefika hapa na nguo aliyovaa, hana BI, hana cheti cha mtoto. Jicho haliungui ndani ya sanduku. Na anayetaka kula mgao wa mwingine kwa kutumia karatasi ya kuazima anazuiwa.

Lakini hasara zake zinatokea mbali na siku ya kuandikishwa, miaka baadaye. Upande wa Garissa, Kenya, kulikuwa na maelfu ya Wakenya wa asili ya Kisomali ambao wakati wa njaa walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Wengine walikuwa watoto. Walipofika umri wa kuchukua kitambulisho cha taifa, kompyuta ikasoma vidole ikasema: huyu ni mkimbizi. Wakakaa miaka bila kitambulisho katika nchi yao wenyewe, bila kazi ya halali, bila akaunti ya benki. Na mwaka 2021 Human Rights Watch walisema kwamba taarifa zilizochukuliwa kwa Warohingya huko Bangladesh zilifikishwa kwa serikali ya Myanmar, nchi waliyoikimbia. UNHCR walijibu kwamba watu walielezwa na wakakubali. Waliohojiwa wengi wakasema hawakuelewa hivyo. Sisi tunaotafsiri kwenye foleni hapo tulinyamaza kidogo. Maneno tunayoyatafsiri haraka haraka kwa sababu jua ni kali, "unakubali? weka kidole", ndiyo maneno yenyewe.

Halafu kuna suala la rangi zetu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mwenye asili ya Eritrea aliyekulia Ethiopia, walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake, za Microsoft, IBM na Megvii. Walitumia picha za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwemo. Kwa wanaume weupe, kosa halikufika asilimia moja. Kwa wanawake weusi, programu moja ilikosea karibu 35 kwa kila 100. Sababu yake inarudi palepale tulipoanzia: mashine inajua ilichoonyeshwa. Ikifundishwa kwa nyuso za watu wengine, ikituona sisi inababaika. Kampuni zikarekebisha programu zao baada ya kuumbuliwa, na Juni 2020 IBM wakatangaza kuacha kuuza programu zao za jumla za kutambua nyuso.

Bibi yetu hakusoma utafiti huo, lakini swali lake ni lilelile.

MASHINE INAPOONA MHOGO

Tusiishie kwenye machungu tu, maana ipo habari nyingine na inatuhusu tumboni. Mhogo ukiugua, sisi tunalala njaa. Batobato unaukunja jani, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi kwa sababu juu mmea unaweza kuonekana mzima huku mizizi inaoza ndani. Pwani ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji tunaujua sana.

Watafiti wa chuo cha Penn State Marekani, wakiwa na taasisi ya kilimo ya IITA, walipiga picha za majani ya mihogo kwenye mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Wataalamu wakaandika kila jani lina ugonjwa gani. Utafiti uliotolewa 2017 ulitumia picha 2,756 tu, zikakatwa vipande vya majani zikawa nyingi zaidi. Ukilinganisha na milioni 14 za ImageNet, hizo ni kiganja cha mchanga, lakini zilikuwa za mihogo ya kwetu, kwenye jua la kwetu. Kutoka hapo ikatengenezwa programu ya simu inayoitwa Nuru. Inafanya kazi bila mtandao, na inasema Kiswahili. Unaelekeza simu kwenye jani, inakuambia.

Je, inasema kweli? Mwaka 2020 Latifa Mrisho na wenzake walichapisha majaribio yao. Nuru ikitazama jani moja ilipata sawa asilimia 65. Mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Nuru ikitazama majani sita ya mmea mmoja, ilifika kati ya 74 na 88. Tunaipenda hesabu hii kwa sababu haijipambi. Inaonyesha mashine inakosea, inaonyesha inakosea kiasi gani, na inaonyesha dawa yake, yaani usitazame jani moja ukahukumu shamba.

Na Zanzibar, kuanzia 2016, Tume ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walirusha droni ndogo wakapiga picha visiwa vizima, Unguja na Pemba, kwa ajili ya ramani. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika kwenye mashindano ya kuifundisha kompyuta kutambua nyumba: ipi imekamilika, ipi inajengwa, ipi bado ni msingi tu. Waliorusha ni vijana wa hapohapo, na wanajua ile paa ni ya nani.

Tofauti tunayoiona baina ya Nuru, SUZA na yale mengine ndiyo hii: aliyepigwa picha yuko karibu na aliyepiga. Anaweza kumfuata akamwambia, hapa umekosea.

TUFANYE NINI SISI

Baada ya kusoma yote haya tulikubaliana mambo matatu kama kundi, na tunayaandika hapa ili mtubane tukiyasahau.

La kwanza, sisi wa kwenye foleni tutatafsiri kila kitu, hata jua likiwa kali. Mtu aambiwe nini kinachukuliwa, kinakaa kwa nani, kitapewa nani mwingine, na akikataa anapoteza nini. Tukiwa hatujui jibu, tutamuuliza mwenye mashine mbele ya watu, kwa adabu.

La pili, kila mara tutauliza: mashine ikishindwa, njia ya pili ni ipi? Mistari ya vidole inakwisha kwa kazi. Macho yana mtoto wa jicho. Wazee ndio wanaokataliwa zaidi, na wazee ndio wasioweza kurudi foleni mara tatu.

La tatu, wadogo zetu wanaosoma wasiogope kompyuta. Kama kuna kazi ya kutia alama picha inakuja, na itakuja, waulize kabla ya kuanza: picha hizi ni za nani, zinakwenda wapi, saa moja ni shilingi ngapi au metikali ngapi. Waliotutangulia Dadaab na Gulu hawakuwa na wa kuwaambia waulize. Sisi tunao wao.

Mtataka kujua bibi aliishiaje. Mgao ule wa kwanza ulimpita. Majirani watatu walimpunguzia mchele kutoka kwenye wao, kikombe kikombe. Juma lililofuata mzee wa mtaa na mama mmoja wa Quionga walikuja naye, wakasimama mbele ya meza wakasema tunamjua, huyu ni fulani binti fulani, nyumba yake ilikuwa pale karibu na mwembe. Yakaandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, wakaweka sahihi. Kwenye sehemu ya vidole akaandikiwa "havisomeki".

Aliposomewa neno hilo akacheka, akanyoosha mikono yake tuione. Akasema, "Wasiojua kusoma ni wao."

Ndugu zetu, kama kwenu kuna aliyekataliwa na mashine, au kuna aliyefanya kazi ya kutia alama picha, tuandikieni mtusimulie. Tutaendelea.

Sisi vijana wenu tunaojitolea, Quionga